Waya Mnene wa Mfaume Korosho

Juzi nimegombana na kijana wa dukani kwa sababu ya waya. Si waya wa umeme, ni waya wa muziki, ule unaotoka kwenye kinanda kwenda kwenye mixa. Kaniletea mmoja mnene, mweusi, unang'aa, mwisho wake una jeki za kuchomekea za rangi ya dhahabu. Nikaukunja pale kwenye shingo, yaani pale waya unapoingilia jeki, nikaona ngozi imebaki na kovu jeupe. Nikajaribu kufungua jeki, haifunguki, imemwagiwa plastiki moja kwa moja. Nikamwambia huu sitaki.

"Dada, huu orijino. Huu hata lori likipita juu."

"Mi sina lori la kupitisha juu. Nina kinanda cha kuchomeka."

Akacheka. Mwenzake aliyekuwa amekaa nyuma anakula chipsi akadakia, "Achana naye huyo, mtoto wa Mfaume Korosho. Mpe na kopo la mafuta akapake."

Wakacheka wote, na mteja mmoja mama mtu mzima naye akacheka, akaniuliza kwa upole kabisa, "Eti ni kweli, mwanangu? Baba yako alipaka waya mafuta ya korosho?" Mi sina subira, kila mtu anajua. Nikawaambia maneno ambayo siyaandiki hapa, nikachukua waya mwembamba niliouchagua mwenyewe, nikatoka.

Njia ya kurudi nyumbani Mtawanya, bodaboda ikapita karibu na watoto wanaochoma korosho kwenye bati. Ule moshi wake mweusi ukanipiga puani. Wenzangu mliokulia huku mnaijua harufu ile, haifanani na kitu kingine, inawasha koo halafu inatia njaa. Nikaanza kulia kwenye pikipiki. Dereva akauliza kama vumbi limeniingia machoni, nikasema ndiyo.

Sasa nimechoka. Naandika yote kama yalivyokuwa. Baba hajawahi kupaka waya mafuta ya korosho. Nilipaka mimi.

Nilikuwa darasa la nne. Baba alikuwa kibarua, anabeba magunia ya korosho kwenye maghala, jioni anarudi shingo imejaa vumbi la magunia. Lakini ukimuuliza kazi yake, alikuwa anajibu, "Mpiga kinanda." Magunia hayataji. Alikuwa anapiga kwenye kikundi cha taarabu cha Shangazi Somoe, dada yake mkubwa. Kinanda kilikuwa cha kikundi, lakini kilikuwa kinalala kwetu, juu ya kabati, kimefunikwa kanga ya Mama. Siku za Jumapili alikuwa anakishusha, anaweka magotini bila kukiwasha, anapiga vidole tu. Vinasikika tap tap tap. Mimi nilikuwa nakaa pembeni naitikia wimbo, maana kwa zile tap nilikuwa nishajua ni wimbo gani.

Shangazi Somoe alikuwa mwimbaji na ndiye bosi. Mwanamke mfupi, sauti nzito, akikuita ukiwa sokoni unasikia ukiwa msikitini. Mwingine wa kumjua ni Anko Dadi, mpiga besi. Si ndugu yetu, ila kila mtu alikuwa anamwita anko. Alikuwa anatengeneza redio Mikindani, miwani yake imefungwa na uzi sikio moja.

Kazi ya kutunza nyaya za kikundi ilikuwa ya Baba. Na hapo ndo palipokuwa na matatizo.

Baba amezaliwa kwenye nyumba ya kamba. Babu alikuwa anasuka kamba za minazi, anauza kwa wenye vyombo vya baharini. Kwa hiyo Baba waya aliuona kama kamba. Muziki ukiisha, anaukunja kwenye kiwiko: kiganja, kiwiko, kiganja, kiwiko, anavuta mpaka ukaze, anafunga fundo katikati. Anko Dadi alikuwa anasononeka.

"Mfaume, unaunyonga huo."

"Mbona haulii?"

"Utalia harusini."

Na kweli ukalia harusini. Mara ya kwanza ilikuwa Mikindani, Shangazi yuko katikati ya wimbo, maiki ikaanza kukwaruza, kwaraa, kwaraa, halafu kimya. Watoto wa pale wakamuigiza wiki nzima. Mara ya pili ilikuwa sherehe ya kuwatoa wali unyagoni, wasichana wamepambwa wamekaa kwenye mkeka, ndugu wote wamekuja, kinanda hakitoi hata mlio. Kuangalia, panya ameguguna waya kwenye kiroba, ameuacha na meno.

Siku ile Shangazi alikuja kwetu asubuhi, hakukaa. Alisimama mlangoni ameshika kiuno.

"Mfaume, nisikilize. Mara ya kwanza nikasema bahati mbaya. Mara ya pili nimesema panya. Mara ya tatu sisemi. Kinanda nampa mtu mwingine."

"Dada, mimi ndugu yako."

"Undugu nyumbani. Kwenye kikundi wewe mpiga kinanda, na mpiga kinanda asiyesikika ni mtu aliyekaa kwenye kiti."

Baba akaenda kubeba magunia. Jioni hakukishusha kinanda, akakiangalia tu pale juu ya kabati. Mimi nikawaza: wakikichukua kile, Baba atabaki na magunia. Sikumwambia mtu, lakini usingizi ulinipotea.

Jumapili iliyofuata tukaenda mjini kununua waya mpya. Anko Dadi alikuwa ameshamwambia aangalie nini. Achague waya laini unaolala vizuri, afungue jeki aone ndani kama waya umechomewa au umebanwa tu, akwangue kidogo aone kama ni shaba kweli. Baba njia nzima akawa anasema Dadi anapenda kujifanya mhandisi.

Dukani akataka ulio mnene kuliko wote. Muuzaji akaushusha. Baba akaupima kwa mkono, mzito. Akaweka mguu juu yake, akakanyaga, akauvuta kwa mikono miwili mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Watu wakasimama kuangalia.

"Huu," Baba akasema, "huu mtu anaweza kufunga ng'ombe."

"Hakati," muuzaji akasema. "Hata wawili."

Mimi nilijaa sifa. Nikauvaa begani kutoka dukani mpaka stendi.

Jioni Baba akauweka kwenye kiroba kipya, akakitundika msumarini ili panya wasifike. Lakini mi nilikuwa nawajua panya wa nyumba yetu. Walikuwa wanatembea juu ya kenchi za paa kama wamepanga. Msumari si kitu kwao. Halafu Baba akanionyesha jeki za waya wa zamani, zimeota ukijani. "Unaona? Chumvi ya huku inakula chuma. Ukikaa Mtwara hata kijiko kinazeeka." Akasema na huo mpya sijui kama utafika mwaka.

Kwa hiyo kulikuwa na panya, na kulikuwa na chumvi, na kulikuwa na Jumamosi ijayo, harusi ya mtoto wa binamu yao huko kijijini njia ya Kilambo. Ndo ilikuwa mara ya tatu.

Sasa nielezeni, mtoto wa darasa la nne wa Mtwara atafikiri nini? Nyumbani kwetu kitu unachotaka kidumu kinapakwa mafuta ya maganda ya korosho. Nguzo za banda la Bibi zimepakwa, mchwa hawagusi. Bawaba za mlango zimepakwa, hazina kutu. Mpini wa jembe umepakwa. Sisi wenyewe shuleni tulikuwa tunajiandika majina mikononi kwa yale mafuta, unachora, ngozi inaungua, inabanduka, jina linabaki wiki nyingi. Mimi nilikuwa na herufi M hapa juu ya kifundo, ya Mfaume. Mafuta yanayoweza kuweka jina kwenye nyama ya mtu, kwanini yashindwe na panya?

Jumatatu Baba akiwa kazini na Mama ameenda shamba kuokota korosho, nikashusha kiroba. Nikachukua kopo la Bibi nyuma ya jiko. Nikachovya kitambaa, nikapaka waya wote, kidogo kidogo, mwanzo mpaka mwisho, nilitumia nusu ya mchana. Mwishoni nikafika kwenye jeki. Nikakumbuka ule ukijani. Nikazichovya zote mbili ndani ya kopo, mara mbili, kama unavyochovya maandazi kwenye chai. Nikauanika kwenye matawi ya nyuma, ukakauka siku mbili, nikawa nauficha kila Baba akikaribia kurudi. Jumatano nikaukunja kwenye kiwiko kama Baba, nikaurudisha kirobani. Ulikuwa mweusi zaidi ya mwanzo, unanata kidogo. Jeki zilikuwa na rangi ya kahawia kama zimepakwa vanishi. Nikaona zimependeza.

Vidole vyangu vikatoka malengelenge. Mama akauliza, "Umeenda kuchoma korosho za watu tena?" Nikasema ndiyo, Mama. Akanichapa kofi moja la mgongoni, akanipaka mafuta ya nazi, yakaisha.

Jumamosi tukaondoka na kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, spika na ngoma nyuma, sisi tumekaa juu ya spika. Wiki ile Baba alikuwa anaingia kazini mpaka jioni, kwa hiyo hawakuwahi kufanya mazoezi. Kile kiroba kilifunguliwa palepale harusini, baada ya alasiri, jenereta linanguruma nyuma ya nyumba, akina mama wameshakaa kwenye mikeka na kanga sare.

Baba akachomeka upande wa kinanda. Akachomeka upande wa mixa. Akapiga.

Hakuna.

Akachomoa, akachomeka tena, akazungusha. Hakuna. Anko Dadi akapiga besi yake, besi ikaunguruma vizuri. Maiki ya Shangazi ikasema "alo, alo" vizuri. Kinanda peke yake kimekufa. Bibi harusi alikuwa amefunikwa pale mbele, na mi niliona anainua shela kidogo kuchungulia kuna nini.

Shangazi alimwangalia Baba tu. Jasho likawa linamdondoka Baba kwenye funguo za kinanda.

Mmoja wa waitikiaji akachomoa jeki, akaiona, akaiachia kama kaungua. "Hee! Kuna kitu hapa! Somoe, njoo uone. Wamepaka kitu."

Wakajaa pale. Kila mtu anaangalia ile jeki ya kahawia, hakuna anayeshika.

"Hiyo dawa hiyo," mpiga ngoma akasema.

"Astaghfirullah."

"Waya mpya kabisa, umenunuliwa Jumapili tu. Unakufaje bila mkono wa mtu?"

"Nani alisema waya wa Mfaume utalia harusini?" yule mwitikiaji akauliza, na akageuka kumwangalia Anko Dadi. "Si wewe? Tulikusikia wote. Na kinanda unakijua wewe pia. Baba wa watu akitoka, nani anakaa pale?"

Hapo ndo naona aibu kuandika, lakini naandika. Mimi niliamini. Wallahi niliamini ni dawa ya Anko Dadi. Sikufikiria mafuta yangu hata kidogo. Kwangu mimi mafuta yalikuwa kinga, kwa hiyo nikawaza dawa yake ina nguvu kweli, imepita mpaka kwenye mafuta. Nikamwangalia Anko Dadi na miwani yake ya uzi, nikamchukia. Vijana wawili wa kijiji walikuwa wameshamsogelea, mmoja amemshika kola.

Anko Dadi hakupigana. Akasema, "Nipeni kiberiti."

"Cha nini?"

"Nipeni kiberiti, halafu mnipige vizuri."

Mtu akampa. Akachukua wembe mfukoni, hakosi wembe yule, akakwangua ile kahawia kwenye jeki, ikatoka vipande vidogo kama magamba. Akaviweka kwenye kibati, akawasha.

Ukatoka moshi mweusi. Na harufu.

Hakuna mtu mle uani ambaye hakuijua. Watoto wadogo waliokuwa wanacheza mbali wakainua vichwa. Bibi mmoja kwenye mkeka akasema kwa sauti kubwa, "Nani anachoma korosho huko, atuletee na sisi!"

Kicheko kikalipuka. Yule kijana akaachia kola. Anko Dadi akajinyoosha shati, akasema, "Dawa hiyo mnalala nayo majumbani kwenu. Nguzo zenu zote zimerogwa."

Mimi sikucheka. Mikono yangu ikaanza kuwasha, au nilidhani inawasha. Nikaificha nyuma. Nikainua macho, nikamkuta Baba ananiangalia. Si uso. Alikuwa anaangalia mabega yangu, mikono ilipopotelea.

"Sasa nani kapaka?" Shangazi akauliza. Hakuwa anacheka na yeye.

"Mimi," Baba akasema.

"Wewe nani?"

"Mimi, Somoe. Nilipaka kuzuia panya."

"Na kwenye jeki?"

"Chumvi."

Sasa kicheko cha pili kikawa kikubwa kuliko cha kwanza. Mpiga ngoma alikaa chini kabisa. Mtu mzima, anafanya kazi kwenye korosho, anachovya jeki kwenye mafuta ya korosho halafu anategemea ipige! Yule mwitikiaji, yuleyule aliyetaka Anko Dadi apigwe, ndo akawa wa kwanza: "Jamani Mfaume Korosho!" Jina likazaliwa hapohapo.

Mimi nilikuwa na mdomo. Nilikuwa hatua tano tu. Sikusema kitu.

Shangazi akangoja wanyamaze. "Dadi, safisha. Mfaume, leo utapiga kwa sababu ya watoto wa watu. Kesho kabla ya magharibi uniletee kinanda nyumbani."

Anko Dadi akakwangua jeki zote mbili, akazisugua na ubavu wa kiberiti, zikang'aa. Kinanda kikaita. Baba akapiga harusi nzima, na sijawahi kumsikia anapiga vile. Hakukosea hata pale ambapo huwa anakosea.

Kesho yake asubuhi alikishusha kinanda, akakifuta na kitambaa kibichi, funguo zote, nyeupe na nyeusi. Hakunigombeza. Hakuniuliza. Alisema tu, "Mikono imepona?" Nikasema inapona. Akasema, "Haya." Akaendelea kufuta.

Ile "haya" nilishindwa nayo. Nikatoka kama naenda chuoni kusoma Kurani, nikaenda kwa Shangazi nikikimbia. Nilimkuta anakaanga vitumbua vya kuuza. Nikasema yote kabla ya shikamoo.

"Shangazi ni mimi. Nilipaka mimi, Jumatatu, na jeki nilichovya mimi, Baba hakujua. Usichukue kinanda."

Hakuacha kukaanga. "Lete mikono."

Nikampa. Akaigeuza, akaona ngozi inavyobanduka.

"Na baba yako aliijua hii jana?"

"Aliniangalia."

Akageuza vitumbua vyote, kimoja kimoja. Halafu akasema, "Mfaume mjinga. Toka mdogo. Mimi nilivunja mtungi wa mama, mkubwa, wa maji ya nyumba nzima. Akasema kavunja yeye. Alichapwa mpaka akakojoa. Nilikuwa nimekaa kimya kama wewe ulivyokaa jana." Akafuta jicho, akasingizia moshi. "Kinanda kibaki. Ila nyaya hapana! Nyaya hashiki mpaka Kiyama. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Na usimwambie kama ulikuja. Muache ajue amekuficha. Sasa nenda Mikindani, ukamuombe radhi Dadi. Yule ilibaki kidogo tu apigwe kwa ujinga wako."

Akanipa vitumbua vitatu vya kumpelekea. Nilifika na viwili.

Anko Dadi alikuwa kwenye kibanda chake, redio zimefunguliwa matumbo. Nilipomaliza kuomba radhi alisema, "Niliona malengelenge toka jana, wewe unafikiri mi kipofu? Kaa." Baba alikuwa amemwachia ule waya mnene. Akachukua wembe, akaupasua kwa urefu kama unavyopasua samaki. Ngozi ilikuwa nene kama kidole. Ndani yake kulikuwa na nyuzi nyembamba kama nywele. Chache tu, akazikwangua, chini ya rangi ya shaba zikawa nyeupe.

"Ungekufa tu huu," akasema. "Hata usingepaka. Mwezi, miezi miwili. Baba yako alinunua ngozi." Akanipa mwingine, mwembamba, laini, akanionyesha wavu wa shaba uliosukwa kuzunguka waya wa katikati, akanionyesha shingo ya jeki yenye mpira wa kuzuia usivunjike, akanionyesha jinsi ya kuukunja, unaufuata unavyotaka kulala wenyewe, huulazimishi. "Anza."

Nilianza siku ile, sijaacha. Nyaya za kikundi nazishika mimi mpaka leo. Sehemu ya ule mnene isiyopasuliwa Anko Dadi aliniambia niirudishe nyumbani, Mama akaifunga uani, ndo kamba yetu ya kuanikia nguo.

Shangazi Somoe amefariki mwezi wa Shaabani uliopita. Anko Dadi siku hizi hasikii vizuri, na hata akisikia hasemi. Kwa hiyo ukweli wa Mfaume Korosho umebaki kwangu, na kila mtu mjini anamcheka asiyehusika. Ndo maana nimeandika.

Jana jioni nikamsomea Baba. Alikuwa anaujaribu waya mpya, ameukunja tayari kwenye kiwiko, nikamnyang'anya. Akasikiliza yote, kichwa ameinamisha. Nilipofika pale kwa Shangazi, kwenye vitumbua, akanisimamisha.

"Kumbe ulienda."

"Nilienda."

Akasema, "Mi miaka yote nilidhani Somoe alinionea huruma tu."

"Hapana, Baba. Alisema kuhusu mtungi."

"Alisema kuhusu mtungi?"

"Ndiyo."

Akaangalia uani muda mrefu. Nikamwambia nitayapeleka haya niliyoandika yasomwe, watu wajue, waache kumwita lile jina. Akashtuka kabisa.

"Waache? Sasa wataniita nani? Mfaume wako wangapi mji huu? Kuna Mfaume wa bajaji, kuna Mfaume kipara. Mi nimeshazoeana na langu."

"Lakini si ukweli, Baba."

"Peleka. Lakini hujamaliza, kuna kitu umeruka." Akanyoosha kidole uani, kwenye ile kamba nene nyeusi, shuka za Mama zinapepea. "Toka siku ile uliyopaka. Panya wamewahi kuugusa?"

Nikafikiri. Nikasema hapana.

"Basi andika."